Mkono wa Koti la Kijani

Baba yangu,

Najua hukupenda maneno mengi, kwa hiyo naanza na habari utakayoitaka. Ukungu amezaa. Ndama ni jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na ananyonya kwa fujo. Sasa nivumilie nikueleze yaliyobaki, maana hapa Mghange sina mtu wa kumwambia bila kuonekana nimerukwa na akili.

Ukungu humjui. Ni mtoto wa Malkia, alizaliwa wiki chache baada ya kukuzika, siku ambayo ukungu ulitanda hadi Mama akamsikia ndama kabla ya kumwona. Nguo zako tulikuwa tumeshazigawa baada ya matanga. Shangazi alichukua suti, wajomba wakachukua mashati. Koti la kijani peke yake lilibaki, kwa sababu Malkia alikataa kushusha maziwa hadi Mama alipolivaa. Ulimdekeza sana ng'ombe yule! Basi Mama akawa anamkamua akiwa ndani ya koti lako, mikono ikimfika vidoleni, kisha analirudisha kwenye msumari wako pale bandani. Malkia alikufa mwaka jana lakini koti halikuondoka. Kila jioni Mama huenda kukaa karibu nalo akizungumza. Nikimuuliza anazungumza na nani, ananijibu, "Na mtamba wetu, Ukungu." Ila uso wake huwa umeelekea msumarini.

Jumamosi nilipanda kutoka Voi kuja kumwona. Nilimkuta amesimama kwenye geti, leso imefungwa kiunoni, na kabla hata sijamsalimu akaniambia Ukungu ameanza uchungu tangu asubuhi.

"Ndiyo mimba yake ya kwanza," akasema. "Huyu akienda, mimi nitabaki hapa nikifanya nini?"

Hakulia. Aliuliza tu, kama mtu anayeulizia saa ya gari la kuondoka. Baba, niliogopa, kwa sababu nilielewa kwamba tukimpoteza huyo mtamba, Mama hatakaa sana.

Bandani chupa ya uzazi ilikuwa imeshapasuka. Kwato moja ilikuwa inachungulia, inarudi ndani, inachungulia tena. Jirani yetu Mwakio alikuwa amefika na kamba mkononi, unamjua alivyo na haraka.

"Dada, tuvute tu," akaniambia. "Tukingoja, tutachinja."

Nikampigia daktari wa mifugo. Alikuwa upande wa Mwatate na hangefika upesi. "Kwato ngapi? Moja? Basi hiyo moja mtu asiivute," akasema. "Ama umpe muda ajipange, ama uoshe mkono uingie, uangalie ingine iko wapi. Lakini ukiingia vibaya utampasua. Siwezi kukuamulia kwa simu, wewe ndiye uko hapo." Kisha mtandao ukakatika.

Mwakio akaenda kuita vijana wa kusaidia kuvuta, Mama akaingia jikoni. Nikabaki peke yangu na Ukungu, na nikakukasirikia, nakwambia kweli. Kazi hiyo ilikuwa yako. Sisi watoto tulikuwa tunajipanga ukutani kukutazama. Ulikuwa unasimama na mikono mfukoni, Mama akifoka, majirani wakitoa shauri kila mmoja lake, na wewe jibu lako moja: "Mwacheni kwanza." Sisi hatukumwangalia ng'ombe, tuliangalia mkono wako wa kulia. Ukikunja mkono wa koti mara mbili, mikunjo bapa iliyonyooka, hadi kwenye kiwiko, tulijua umeamua, na mtu akakimbilia maji na sabuni. Kabla ya hapo hakuna aliyethubutu kukohoa. Na mara moja ulichelewa kuukunja, ndama wa ng'ombe wetu Kiangazi akatoka amekufa, ukakaa siku nzima nyuma ya nyumba bila kula. Tulikuonea huruma tukashindwa kukwambia.

Hata ulipougua, tulipotaka kukuteremsha hospitalini Voi, ulisema, "Niacheni kwanza." Tukakuacha. Bado sijui kama tulifanya sawa.

Basi nikasimama pale nisijue niingize mkono au ningoje. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulishuka kutoka msituni ukaingia bandani, migomba ikapotea, na kuku wote wakanyamaza. Nilivua sweta langu nikalitundika juu ya koti lako. Nakumbuka vizuri, kwa sababu mikono yako yote miwili ilikuwa inaning'inia chini na nikausogeza wa kulia ili sweta likae.

Ukungu akaacha kusukuma. Akageuza shingo, akatega masikio kuelekea msumarini, akatoa ile sauti ya chini ambayo Malkia alikuwa anakutolea ukija na ndoo. Sauti hiyo Mama hajawahi kutolewa, wala mimi. Nikamgusa mgongo, ulikuwa unatetemeka. Halafu nikageuka kuangalia alichokuwa anakiangalia.

Sweta langu lilikuwa chini kwenye majani. Mkono wa kulia wa koti ulikuwa umekunjwa hadi kwenye kiwiko. Mikunjo miwili, bapa.

Miguu ilinipeleka moja kwa moja kwenye ndoo. Niliosha hadi kwenye bega, nikaingiza mkono polepole. Kulikuwa na joto kali. Niliipata pua, ikavuta pumzi ya kunishtua, halafu nikaupata mguu wa pili umekunjamana gotini, umerudi nyuma. Nikaifunika kwato kwa kiganja isichane, nikaisukuma ndani kidogo, nikaileta mbele. Baba, sikuwahi kufundishwa hivyo. Mwakio aliporudi na vijana, ndama alikuwa ameshatoka na Ukungu anamlamba.

Mama aliingia na chai, akaangalia ndama, akaangalia koti, akatabasamu.

"Umelikunja vizuri," akaniambia. "Kama yeye."

"Si mimi, Mama. Au ni wewe?"

Akatikisa kichwa, akanipa kikombe.

Nilikushukuru jioni ile ile kwa sauti, nikiwa peke yangu, nikaukunjua mkono wa koti, nikaupangusa, nikakuaga. Nilijisikia mwepesi. Nilijua sasa utapumzika.

Leo asubuhi nimeenda kumwangalia ndama kabla ya kurudi Voi. Nimekuta mkono umekunjwa tena.

Hapa hakuna ng'ombe mwingine mwenye mimba. Ukungu mwenyewe alikuwa amelala akicheua, hana habari. Ndani ya nyumba nilimsikia Mama anakohoa, kikohozi kile alichokuwa akiniambia ni cha vumbi la majani, na katikati ya kikohozi anacheka kidogo, kama mtu anayejibu.

Sikurudi Voi. Nimeukunjua mkono huo na nimeushika hadi sasa, nakuandikia kwa mkono mwingine.

Mwache kwanza, Baba. Bado hajakuita.

Ni mimi,
kitinda mimba wako