Mbuzi Zilizobaki Inje ya Foto

Beni, commune Ruwenzori

Baba yangu,

Wabukire, Baba. Umeamuka namna gani? Ule mugongo wenye kukusumbua wakati wa mvua, unakuachia ulale kidogo? Na Mama, kifua yake? Miye niko muzima wa mwili, Mungu anasaidia, lakini roho hapana. Tafazali, vaa miwani yako usome hii barua wewe mwenyewe, usimupe mutu akusomee mbele ya wengine. Nilishika simu nikupigie, nikairudisha chini, juu najua nikisikia sauti yako nitaanza tena kuzunguka-zunguka.

Ni juu ya ile foto ya dot, siku mahari ya mudogo wangu Kahindo ilitolewa.

Kazi yangu hapa unaijua. Benye maduka banatuletea foto, sisi tunazipima mbele ya kuziweka kwenye mitandao: ya page iwe ya pembe ine sawasawa, ya statut iwe ndefu, ya kule juu kabisa iwe pana. Foto isipopimwa, mutandao inaikata yenyewe. Mama wa vitenge anabaki bila kichwa, famasi inabaki na nusu ya jina. Patron ananisifu juu ya ile kazi, na miye kichwa ilianza kuvimba. Donc siku Kasereka, mutoto wa baba mudogo, alinitumia foto ya familia zote mbili mbele ya nyumba yetu kule Vulamba, Butembo, nilifurahi sana. Njia ilikuwa mubaya ile wiki, sikuweza kufika. Nikasema, basi, kazi ya mikono yangu itafika.

Ile foto ilikuwa pana kabisa. Katikati wewe na Mama, Kahindo na bwana yake, na banoko, bandugu ba Mama, ndani ya makostime na tai zao. Kule mwisho, muzee mumoja mwenye mabote ya matope miguuni na kofia ya zamani, ameshika kamba ya mbuzi. Miye nilitaka pembe ine. Ningeweza kuacha foto yote iingie, na nafasi nyeupe juu na chini. Njo namna nafanyia kila muteja asiyetaka mutu apotee. Mais nikaona ile nafasi nyeupe inaharibu uzuri, batu batakuwa badogo. Nikaivuta ijae. Ikabidi kitu kitoke.

Nikamuangalia ule muzee. Nikasema: huyu ni mutu wa kuchunga tu, atoke. Akatoka, na mbuzi zote, na usiku ule ule nikaiweka foto kwenye mutandao.

Ee Baba! Miye mutoto wa Butembo, nikatoa mbuzi kwenye foto ya dot! Kwetu mutu alete magodoro, alete magunia ya muchele, bila mbuzi nani atasema binti ameolewa? Asubuhi batu bakaanza kuandika pale chini ya foto. "Mbuzi ziko wapi?" "Kumbe basichana ba Vulamba banatoka bure siku hizi?" Mwingine akasema bakwe zetu balikuja kunywa soda, bakarudi.

Kahindo akanipigia, analia. "Yaya, ule wa mabote njo papa mukwe! Zile mbuzi alizifuga mwenyewe. Alikataa mutu mwingine ashike kamba."

Nikamujibu mbio-mbio: "Hapana miye, simu njo ilikata." Ilikuwa uongo, Baba. Simu haikukata kitu. Na wewe ukaipokea ile uongo kama neno ya mutoto wako, ukaenda nayo kwa bakwe, ukaapa kwa jina yako. Kahindo aliniambia namna muzee alikujibu: "Hii simu iko na akili. Imeona makostime, imeacha. Imeona mabote, imekata." Na akasema Jumamosi, siku ya ndoa, hataingia kanisani, kwa sababu mutu wa kufichwa kwenye foto anafaa kufichwa hata kwenye misa.

Nasikia haya, Baba, haya ya kushindwa kula. Nilikutuma wewe, na mvi zako, ubebe uongo yangu mbele ya batu. Na kama kweli angekuwa mutu wa kuchunga tu, ningekuwa na ruhusa ya kumutoa? Wewe ulinisomesha na mabote ya namna ile ile.

Ile foto nimeitoa. Nimeweka ingine, nzima, na ile nafasi nyeupe juu na chini. Nimeikuza ili nimuone ule muzee vizuri. Kwa batu bote benye kusimama pale, ni yeye peke yake anacheka.

Alhamisi napanda gari ya kwanza. Patron amekataa ruhusa, mais nitakuja. Nakuomba unipeleke kwake, juu siwezi kuingia kwa bakwe bila wewe. Ukifika, kaa, unyamaze. Usinisemee. Ulishanisemea, na umeona nilichofanyia jina yako.

Salimia Mama sana. Salimia baba mudogo, ule fundi wetu wa baskeli, na shangazi mwenye kuuza makala. Kasereka umwambie asijilaumu, foto aliyonitumia ilikuwa nzima. Kahindo naye aache kunitetea kwa bakwe zake. Papa mukwe wake, Baba, usimupe salamu zangu. Nitamupa mwenyewe, nimesimama mbele yake, akubali ao akatae.

Miye mutoto wako, na haya usoni,
Kambale