Mafuta ya Mama kwenye Mipira ya Redieta

Jumamosi, Voi

Na mimi ndiye niliyekuwa namsifu Mama. Kila Jumapili Mama akitoka kanisani hubadilisha nguo, hufungua boneti ya gari ya marehemu Baba, huipaka mipira ya redieta, ile inayopitisha maji ya kupoza injini, mafuta yale yale anayojipaka mwilini. Gari haijatembea tangu tumzike. Kwa jua hili na vumbi hili, nilisema, kitu gani hakipasuki?

Leo fundi amekuja kuiandaa, maana Desemba tunataka kuipandisha mlimani, Mwanda, kwenye harusi ya dada yangu. Akafinya mpira mmoja, kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva.

"Mpira hautaki mafuta," akasema. "Unavimba, unalegea. Ungepanguswa tu kwa kitambaa cha maji, gari ikakaa kivulini. Huu ungewapasukia mlimani." Akaing'oa yote, akasema nitupe.

Mipira mipya nitapata. Hiyo hainisumbui.

Kinachonisumbua ni Mama. Alikuja akaiona mipira pale chini, mkebe wa mafuta mkononi, akidhani fundi atauhitaji. Nikaanza kumweleza, akanikatiza polepole: "Visigino vya baba yako vilikuwa vinapasuka hivi hivi. Mwisho nilikuwa nampaka mimi. Hakuweza kuinama."

Akauweka mkebe juu ya boneti, akarudi ndani.

Kesho ni Jumapili na atautafuta mkebe. Nimeuficha chini ya kitanda changu. Nitamwambia nini, sijui. Na mipira mibovu iko hapo hapo karibu nao. Nilifika nayo mpaka kwenye shimo la taka, mkono ukakataa.