Sumu ya mama mudogo Kahongya

Virginie, kaa chini kwanza.

Tumetoka kwa docteur na mama mudogo Kahongya sasa hivi. Si unajua ile shingo yake yenye kuvimba? Yenye alisema wifi yake Josée alimutilia sumu mu kasiksi, ile pombe ya ndizi, siku ya arusi? Mutaa yote ya Kimemi inajua, hata chorale ya kanisa.

Docteur anasema sumu hapana. SUMU HAPANA! Ni mwili yake yeye mwenyewe njo inapiganisha thyroïde yake, ile tezi ya mu shingo. Mama mudogo anamuuliza: « Na mwili yangu, nani aliituma? »

Nani aliituma, Virginie!!

Kisha docteur akashusha sauti: mule mu thyroïde kuko na cancer. Mais haiyasambaa. Eti batu ya hii ugonjwa ya kujipiganisha, mara mingi cancer yabo haitembeake sana. Ata vile, batamupasua tu.

Mama akalia. Mama yetu wa vita, akalia kama mutoto.

Donc docteur akaomba mutu wa famille wa kutoa damu. Nani alikuwa mu corridor, mukono ya robe imeshakunjwa? Josée. Ule wa sumu.

Mama akamuangalia muda murefu. Akanivuta, akaninongoneza mu sikio:

« Bapime kwanza kama hakuna kitu alitia mu ile damu. »