Nafasi ya Mjomba Bacar

Hell-Ville, Nosy Be
Septemba 1955

Kwa Baba yangu Abdourahamane, Mangarivotra, Mahajanga.

Assalaam alaykum. Baada ya kuubusu mkono wako, naomba kujua kama kikohozi kimekuachia na kama Mama anapata usingizi. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila moyo haujatulia kwa niliyoyaona huku.

Uliponiaga ulifurahi kwamba shule yetu ya ufundi inatuleta kwenye kiwanda cha sukari tufunzwe kazi kabla ya kumaliza masomo. Mimi nilifurahi zaidi, maana ningemkuta mjomba Bacar kwenye mashine zake. Tulivuka bahari kutoka bandari ya Antsahampano tukiimba. Upande huu lori lilitupokea, nasi tumeshavaa nguo mpya za kazi.

Langoni palijaa watu, na askari wenye bunduki. Nikamwona Rabiata, mke wa mjomba, na mtoto mgongoni. Aliponitambua alicheka, akanyanyua mkono. Halafu akaona lori linaingia ndani. Mkono ukabaki hewani.

"Anli," alisema, "hata wewe?"

Baba, wafanyakazi walikuwa wamegoma wakidai nyongeza ya mshahara, na sisi ndio tulioletwa kushika kazi zao! Nilimuuliza mwalimu wetu Fazul kama alijua. Alitazama viatu vyake, akajibu, "Ningewaambia, mngekuja?"

Msimamizi alinipeleka kwenye pampu ya maji ya miwa. Nikauliza ni ya nani. Akasema ilikuwa ya Bacar.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikutoka. Nilifanya kazi mpaka jioni, tena niliipenda. Pampu ilinitii. Msimamizi alinisifu mbele ya wenzangu, akasema nikiendelea hivyo nafasi ile itakuwa yangu kabisa. Nikatabasamu, Baba, huku najua ni ya nani.

Jioni nilikwenda kwa mjomba nikidhani atanifukuza. Alinikaribisha, akanishika mikono, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa taa.

"Hukuungua?" aliuliza. "Bomba lile lina moto."

Rabiata alileta muhogo, akakaa bila kunitazama.

Asubuhi sikupanda lori. Nilisimama langoni na wagomaji. Mwalimu Fazul alinisihi weee, mwishowe akaniambia shule haina haja nami tena, na cheti nisikitarajie. Aliye kwenye pampu leo ni rafiki yangu Daoud.

Najua ulivyojinyima ili nisome. Nikasirikie mimi, usimkasirikie shemeji yako. Yeye mwenyewe aliniambia nipande lori nikamalize masomo, na nilipokataa alikasirika. Adhuhuri akanisogezea nusu ya mkate wake. Wakubwa wa kiwanda bado hawajatujibu lolote. Kesho tutasimama tena.

Mpe Mama salamu zangu, umwambie kaka yake hajambo. Mdogo wangu Nadjma nambusu. Niombeeni dua, na ukiweza, Baba, niandikie, hata kama ni kwa hasira.

Wasalaam,
Mwanao,
Anli