Uji wa Majani ya Mturituri

Tabora

Kwako mama yangu mpenzi, Mlingotini,

Shikamoo mama. Goti lako linaendeleaje? Na ile bamia yako imestahimili jua? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi, ila mjukuu wako Zuhura hana hali.

Kifurushi cha majani ya mturituri nilikipata. Nilipokifungua nilisikia harufu ya ua wetu, nikalia.

Kama nilivyokueleza, Zuhura alikuwa kila akila anavimba midomo na macho, mwili unamtoka mapele kama aliyeguswa na upupu. Daktari wa hapa akamkataza kila kitu: samaki, maziwa, mayai, karanga, hata sukari. Abaki na uji mtupu wa mtama mpaka mwili utulie, kisha tumrudishie chakula kimoja kimoja, adui ajulikane. Mwili ulitulia kweli, lakini mtoto akagoma kula. Nikimpa uji anafumba meno. Mbavu zote nje, mama. Akawa hawezi hata kusimama.

Basi nikambeba mgongoni, na majani yako mkononi, mpaka hospitali.

"Daktari, hii si sukari," nikamwambia. "Ni jani tu. Mama alikuwa akituchemshia tukiwa na kikohozi, na utamu wake ni wa Mungu."

Akatafuna moja. "Tamu kweli. Lakini kwa mwili wa huyu mtoto hiki ni kitu kipya, kiwe sukari kisiwe sukari. Akivimba, je?"

"Na asipokula, je?"

Akampapasa Zuhura mbavu. "Haya, mpe. Majani na uji huohuo, usiongeze kingine."

Niliyachambua vizuri isije ikabaki punje nyekundu ya mturituri, maana ulitufunza kuwa ni sumu. Nikayachemsha, maji yake nikakorogea uji. Mama, alimaliza bakuli! Akalamba na kijiko. Baba yake akatoka nje ili tusimwone anafuta machozi.

Kulipokucha macho yalikuwa hayafunguki. Midomo imetuna, anakoroma akivuta pumzi. Tukamkimbiza hospitali, akachomwa sindano, akapata nafuu. Sasa daktari anasema huenda ni majani, huenda mtama wenyewe umeanza kumkataa, hawezi kujua. Turudi mwanzo, tushike uji wa mchele, mtupu.

Usijilaumu, mama. Mimi mwenyewe sijui nimlaumu nani. Zuhura ananiuliza, "Uji wa bibi uko wapi?" Nikimpa huu wa mchele anageukia ukutani.

Nisalimie kaka anayekutekea maji, na shangazi wa Fukayosi, aniombee dua kila akiswali. Baba Zuhura anakuamkia.

Mama, usinitumie majani mengine. Panda treni uje wewe. Peke yangu siwezi tena.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi