Suruali Mbili na Hatamu Moja

Tarehe 6 Februari

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kama nyuzi za cherehani. Sisi hapa wazima. Baba yako mzima, ila kidole gumba kimebanwa na mnyororo wa baiskeli ya mteja, na tangu jana anakilaumu kidole badala ya kujilaumu mwenyewe. Bibi yako mzima, magoti yake tu ndiyo yanaanza kulalamika kabla hajainuka. Mdogo wako Kidonge mzima, jino la mbele limeng'oka, sasa akisema anapiga mluzi bila kutaka. Paka mzima, kazaa watatu ndani ya kapu langu la vitambaa. Jirani yetu Mama Redio mzima, anauliza utarudi lini, simjibu kwa sababu nikimjibu mtaa mzima utajua. Msalimie sana shangazi yako hapo jikoni kwenye klabu ya farasi, mwambie asikupe chai ya moto sana, koo lako nalijua.

Barua yako ilifika. Kidonge alinisomea mara mbili. Mara ya tatu nikaisoma mwenyewe, polepole, kwa kidole. Ndipo nilipoona. Mwalimu kasema. Mwalimu kanionyesha. Mwalimu kacheka. Nikachukua kopo langu la vifungo, kila "Mwalimu" nikaweka kifungo kimoja mezani. Vikafika kumi na vinne. Halafu nikatafuta "Mama". Vitatu, na kimoja hicho ni cha salamu!

Sisemi kitu. Ni mwalimu wako wa kupanda farasi, umheshimu. Lakini umesema kila asubuhi unamsugua farasi mgongo kwa brashi mpaka ang'ae. Mgongo wangu mimi, mwanangu, uliousugua mara ya mwisho lini? Baba yako kanisikia nikiuliza hivyo, akacheka mpaka akakigonga kile kidole. "Mama watoto," anasema, "sasa unamwonea wivu farasi?" Nikamwambia farasi simjui, sina ugomvi naye.

Nimekushonea suruali ya kupandia. Kitambaa kigumu, cha kijivu, kisichoonyesha vumbi. Mshono wa ndani ya mguu nimeukunja mara tatu na kuupiga mara mbili, hata hao farasi wakiuvuta kwa meno hautaachia. Ivae. Kila ukipanda ujue mama yako yupo hapo.

Ni mimi,
Mama yako

---

Tarehe 20 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Wafikishie Baba na Bibi shikamoo zao, na Kidonge mwambie nitamtafutia jino. Mimi mzima. Shangazi mzima, anakusalimu, na chai anaipoza.

Suruali nimeipokea, asante sana Mama. Wenzangu wote wamekigusa kitambaa chake.

Farasi wangu anaitwa Mzee. Ni mkubwa, ana mvi puani, na ana maringo. Nimejifunza kwamba farasi humwendei kwa nyuma, wala humwendei kimya. Unamsemesha kwanza ajue ni nani anakuja, halafu unamkaribia upande wa kushoto. Kila kitu kinafanyika kushoto: kumvisha hatamu, kupanda, kushuka. Nimejifunza kuinua mguu wake na kuchokonoa kwato, mawe yasimuumize. Wiki ya kwanza alikuwa akiniegemea mpaka nakaa chini. Sasa ananipa mguu mwenyewe, kama mtu anayekatwa kucha.

Mama, kuna jambo. Tarehe 26 Aprili tunafunga mafunzo. Desturi ya hapa ni hii: kila mmoja anazunguka uwanja mara tatu, kisha anashuka mbele ya mtu aliyemlea na kumkabidhi hatamu. Mtu huyo ndiye anayemtoa farasi uwanjani, kwa miguu, watu wakipiga makofi. Majina ya wapokeaji yanaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa bandani. Nafasi yangu bado nimeiacha wazi, kwa sababu najua unaogopa hata mbuzi. Niambie utakuja?

Nimeweka picha. Huyo aliyesimama kando yangu ndiye Mwalimu.

Mwanao akupendaye

---

Tarehe 2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima sote, Baba, Bibi, Kidonge, paka na wanawe. Mimi pia mzima, kama uzima ni kupumua.

Picha nimeiona. Watu wote hapa wamekuangalia wewe usoni, wakasema umenenepa, umependeza, umekuwa mrefu. Mimi nikaangalia suruali.

Hiyo si yangu.

Nilidhani macho yamechoka. Nikaisogeza picha dirishani. Suruali ya kahawia, imekunjwa chini mara mbili kwa sababu ni ndefu, kiunoni umeikaza kwa mkanda, gotini ina kiraka kilichoshonwa kama kwa uma. Halafu nikamtazama huyo mwalimu wako kando yako. Mrefu. Ana kiuno. Anacheka, mkono wake uko begani kwako, na miguuni amevaa suruali ya namna hiyohiyo, ila mpya. Basi nikaelewa kila kitu bila kusomewa.

Wewe ulikua katikati ya vitambaa, mwanangu. Nguo yako ya kwanza niliishona tumbo likiwa limegusa cherehani, nikawa nashonea pembeni kama mtu anayechungulia. Hujawahi kuvaa nguo iliyotoka mwilini mwa mtu, hata mwaka ule mgumu, nilipokata pazia la sebuleni upate sare ya shule. Leo nguo ya mama imekuwa ya kuguswa na wenzako, na nguo kuukuu ya mwalimu ndiyo ya kupigia picha?

Mama Redio kaitazama akasema, "Lo, huyu mwalimu kijana, mtu angedhani dada wa mwanao." Nikamwambia arudi kwake akageuze mboga zake.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyo hajaujua, ila matunda anayala. Kuhusu ubao wenu, usihangaike na chaki. Mwandike yeye. Anajua farasi, hana woga, ana miguu ya kufuatana naye. Mimi kitu chenye meno mbele na mateke nyuma sikijui. Sitakuja.

Mama yako

---

Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Salamu. Huku wazima.

Siku kumi na saba leo. Posta imefunguliwa na kufungwa, tarishi kapita mlangoni kwetu mara nne na kila mara ananiambia "bado, mama" kabla sijauliza. Bibi yako haongei nami vizuri. Anasema niliandika barua kama mtu anayetupa maji bila kuangalia nani anapita.

Je, umeanguka? Farasi amekupiga? Kama umenuna, nuna, lakini nuna kwa maandishi.

Ni mimi Mama

---

Tarehe 28 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Wasalimie wote. Sikununa. Nilikuwa nimelala, na Shangazi aliniambia nisikuandikie mpaka nipone, usije ukapanda basi usiku huohuo. Sasa nimepona, nakueleza yote.

Suruali yako niliivaa tangu siku ilipofika, siku nane mfululizo. Mama, ukiwa juu ya farasi unamshika kwa magoti na kwa ndani ya miguu, muda wote, na mwili unapanda na kushuka. Ule mshono uliokunja mara tatu uko hapohapo. Siku ya pili ngozi ikawa nyekundu. Siku ya nne ikachubuka. Nikafunga vitambaa chini yake, nikaendelea. Siku ya nane nikashuka mgongoni kwa Mzee nikashindwa kutembea, na Mwalimu akaona damu. Akanigombeza vibaya sana, mbele ya watu. "Kwa nini hukusema?" Ningesemaje kwamba mama yangu ndiye kaniumiza? Ndipo akaleta suruali yake ya zamani. Siku ile ya picha nilikuwa ndiyo kwanza nimeivaa.

Halafu ikaja barua yako. Nikavua ya kwake, nikavaa ya kwako tena. Siku tatu tu. Vidonda vikaingia uchafu, nikapata homa. Siku zote hizo Shangazi ndiye aliyeniosha.

Sikuambii haya ili ulie. Nakuambia kwa sababu Mwalimu aliichukua suruali yako, akaigeuza ndani nje, akaufuata mshono kwa kidole. Akasema, "Aliyeshona hii ni fundi kuliko mafundi wote wanaotushonea. Ila hajawahi kukaa juu ya farasi." Nikaona niseme kweli, mimi pia nilichelewa kukuambia kwa sababu nilipenda uendelee kudhani mkono wako haukosei.

Nakutumia suruali yake uone mshono unapopita. Ya kwako imebaki sandukuni mwangu.

Na ubaoni nimeandika. Niliandika "Mama". Wenzangu wakauliza, mama yupi? Nikawaambia mimi ninaye mmoja. Usipokuja, Mzee atatolewa uwanjani na mfagiaji wa banda, kwa sababu sitalifuta hilo jina.

Mwanao

---

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Marahaba, marahaba tena. Baba yako anakusalimu, kidole kimepona, sasa anakitumia kuninyooshea. Bibi yako anakusalimu, amerudi kuongea nami. Kidonge anakusalimu, jino limechomoza. Paka wadogo sasa wanakimbizana uani. Mama Redio anakusalimu, na sababu yake utaiona hapo chini.

Barua yako niliisoma mwenyewe, sikumpa Kidonge. Kisha nilikaa na mikono mapajani, mteja wa gauni akaja akaondoka.

Halafu nikakata suruali nyingine, kwa kipimo changu mimi, kitambaa kilekile, mshono uleule, mara tatu na mara mbili. Nikaivaa. Nikapanda ule ukuta mfupi wa uani, mguu huku mguu huku, nikaubana kwa magoti na kuanza kupanda na kushuka ulivyoeleza. Mama Redio akachungulia. "Mama, safari ya wapi na ukuta huo?" Nikamwambia, "Nakwenda kumwona mwanangu." Nilikaa mpaka shuka aliyoianika Bibi ikakauka. Niliposhuka nilitembea kama bata. Na hiyo ni mara moja tu, mwanangu, na ukuta haukimbii. Bibi yako akaniangalia nikipita, akasema, "Suruali usiyoivaa hujui mshono wake."

Usiku... hapana, siandiki ya usiku. Ninachoandika ni hiki: ukiumizwa na mkono wangu, sema. Hata ukiwa na miaka hamsini, sema. Mimi si farasi, lakini mimi pia nataka kusemeshwa kwanza.

Sasa suruali ya huyo mwalimu. Nimeifumua upande mmoja nikaona ujanja wake. Mshono wameuhamishia nje ya mguu, ndani kitambaa kinashuka kipande kimoja bila kukatwa. Ni ujanja mzuri. Nimekushonea mpya hivyo, na ndani ya magoti nimeongeza kitambaa laini, jambo ambalo kwenye ya kwake halikuwepo. Ile ya kwake, nilipokuwa nayo mkononi, nikakibandua kile kiraka chake. Sikuweza kuvumilia. Nimekishona upya pamoja na upande ule niliofumua, nimeifua, nimeipiga pasi, naileta mwenyewe. Umwambie tu kwamba mtu ameitengeneza. Usimwambie nimemshukuru, hilo nitalisema kwa mdomo wangu, nikiweza. Na jina lake katika barua yako sikulihesabu kwa vifungo mara hii.

Ndiyo, nakuja. Baba yako atafunga kibanda chake cha baiskeli siku mbili, tutapanda basi la alfajiri. Nitasimama mahali utakaponiambia nisimame, nikipiga kelele usishtuke. Ila yeye asimame nyuma yangu siku hiyo. Siku nyingine zote anasimama mbele, sawa, lakini siku hiyo nyuma.

Kuna kitu kimoja kinanikosesha raha. Ulisema kila jambo la farasi ni upande wa kushoto. Je, ni kushoto kwake au kushoto kwangu? Maana tukitazamana uso kwa uso, kushoto kwangu ni kulia kwake, na mimi sitaki kushika hatamu vibaya mbele ya huyo mwanamke. Najizoeza kwa kiti na kamba, Kidonge ndiye farasi, lakini naye hajui.

Niandikie upesi, mwanangu, hata mstari mmoja, leo hii ukiipata barua hii. Kushoto kwake au kwangu?

Ni mimi, wa ubaoni,
Mama