Nyota Tano za Mama

Nerys rafiki yangu, naandika haraka, nivumilie.

Unakumbuka mama alihamia intaneti ya ile kampuni inayomuuzia umeme? Tangu hapo kila nikimpigia video namsikia tu, simwoni. "Mtandao mbovu mwanangu, picha haitaki."

Leo nikachoka. Nikafungua ukurasa wao wa maoni ya wateja, niwaseme vizuri.

Nikakuta maoni ya Eluned wa Tywyn. Ni mama, Nerys. Mji mdogo kama Tywyn una Eluned wangapi?

Nakunakilia alivyoandika: "Intaneti nzuri sana, haijakatika hata mara moja. Tangu nianze matibabu ya saratani nywele zimeisha, kwa hiyo nazima kamera na kumwambia binti yangu kwamba mtandao ni mbovu. Naomba radhi kwa kuwasingizia. Nyota tano."

Saratani. Nimeijua kwenye maoni ya intaneti.

Na amewaomba radhi wao. Wao, Nerys.

Nikampigia. Nilikusudia kumwambia nimesoma, nikashindwa. Akasema, "Picha imegoma tena, kipenzi." Nikamjibu haidhuru mama, tuongee tu. Akaniuliza kama nimekula. Yeye ndiye ananiuliza mimi kama nimekula.

Sasa niko kwenye treni. Nilitaka nimtokee mlangoni bila taarifa, halafu nikaona hapana. Nikishuka stesheni nitampigia nimwambie nimefika, ili apate muda wa kuvaa kofia kama anataka.